Tuchangiane Kabla ya Ugonjwa: Aina za Bima ya Afya na Wajibu Wetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini baada ya sala ya Isha)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kukutana tukiwa na uzima, na baada ya kumtakia rehema na amani Mtume wetu Mtukufu Muhammad (s.a.w.), tungependa usiku huu kuzungumza juu ya jambo ambalo huletwa mbele ya jamaa zetu karibu kila mwezi, ingawa si kwa jina lake. Jambo lenyewe ni bima ya afya.

Tunasema huletwa si kwa jina lake kwa sababu mara nyingi twalisikia kwa sura nyingine. Imamu anapomaliza sala ya Ijumaa husimama na kutangaza kwamba ndugu yetu fulani amelazwa, anahitaji kufanyiwa upasuaji, na familia yake imeishiwa. Hapo kitambaa hutandikwa mlangoni, nasi kila mmoja hutia alichonacho. Hii ni sunna njema wala haifai kuachwa. Lakini hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Mpaka tangazo hilo lifike mimbarini, mgonjwa amekwisha kukaa nyumbani siku nyingi akiogopa gharama. Mbuzi wameuzwa, na pengine kiwanja kimeuzwa kwa bei ya kutupa, kwani mnunuzi anajua kwamba muuzaji ana dharura. Ugonjwa uliokuwa mdogo umekuwa mkubwa. Mchango wetu unafika, lakini unafika ukiwa umechelewa.

Bima ya afya si kitu kingine ila kile kile kitambaa cha mlangoni, isipokuwa kimetandikwa mapema, wakati wote tungali wazima. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza. Kisha tutaeleza aina za bima zilizopo hapa nchini Tanzania, ili kila mmoja wetu ajue yuko wapi, ana haki gani na anapungukiwa na nini.

KUSAIDIANA NI MSINGI WA DINI YETU

Wapo ndugu wanaodhani kwamba kujiwekea akiba ya ugonjwa ni upungufu wa imani na ni kutomtegemea Mungu. Fikra hiyo si sahihi. Katika Hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaelekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Basi kutegemea kwa kweli huja baada ya mtu kutimiza sehemu yake.

Tena tunayo mifano iliyo karibu zaidi na maudhui yetu. Bukhari na Muslim wanasimulia habari za kabila la Ashari kutoka Yemen. Watu hawa walipopungukiwa na chakula, wakiwa safarini au wakiwa mjini Madina, walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa sawa. Mtume (s.a.w.) aliwasifu sana kwa tabia hiyo, hata akajihesabu kuwa mmoja wao. Hali kadhalika, sheria ya Kiislamu ilithibitisha desturi ya aqila. Mtu alipoua bila ya kukusudia, fidia haikubebwa naye peke yake bali ilichangwa na jamaa zake, kila mmoja sehemu ndogo. Na mafakihi wanaeleza kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka daftari la askari, wale waliosajiliwa katika daftari moja walichangiana fidia kama ndugu wa ukoo mmoja, hata kama hawakuwa wa damu moja.

Tazameni hekima iliyomo. Mzigo ambao ungemvunja mmoja hugawanywa kwa wengi na hauwaumizi. Na ili ugawanywe kwa uadilifu lazima liwepo daftari, yaani ijulikane tangu mapema ni nani aliyemo.

HESABU YA BIMA

Ili tuelewane, tuchukulie mfano wa kubuni. Jamaa ina kaya 100. Kila kaya inatoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 3,000,000. Katika mwaka huo kaya 5 zinapata wagonjwa, na kila mgonjwa anahitaji matibabu ya shilingi 500,000. Jumla ya gharama ni shilingi 2,500,000. Wagonjwa wote watano wanatibiwa, na bado inabaki akiba ya shilingi 500,000. Wala hapana kaya iliyouza kiwanja.

Sasa tuchukulie kwamba kaya 95 zimesema: “Sisi ni wazima, tutajiunga tukiugua.” Wamejiunga wale watano tu, kwa sababu tayari wanaumwa. Mchango wao ni shilingi 150,000, na gharama ni zile zile 2,500,000. Mfuko huo umekufa siku ya kwanza, na wale watano hawakutibiwa.

Huu si mfano wa nadharia tu. Mwaka 2016 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha Toto Afya Kadi kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 18. Ada yake ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto, na wazazi wengi waliifurahia. Lakini mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wengi walioandikishwa walikuwa watoto waliokwisha kuugua, hivyo michango haikuweza kubeba gharama. Walioumizwa na kusitishwa huko ni wazazi wenye watoto wagonjwa, na chanzo kimojawapo ni sisi wenye watoto wazima tulioona hapana haja. Kumbe anayechangia akiwa mzima hapotezi fedha yake. Fedha hiyo inamtibu mwenzake leo, na kesho ya mwenzake itamtibu yeye.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka zama ambazo mtu aliingia hospitali ya serikali na kutibiwa bila ya malipo. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, kwanza katika hospitali kubwa. Tangu hapo ugonjwa ukawa na bei, na ndipo ikatafutwa njia ya watu kulipa kabla ya kuugua badala ya kulipa wakiwa kitandani. Mwaka 1996 majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii yalifanyika Igunga, mkoani Tabora. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya kuanzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kutokana na historia hiyo tuna aina kadhaa za bima, nasi tutazieleza moja baada ya nyingine.

AINA ZA BIMA YA AFYA

1. Bima ya waajiriwa chini ya Mfuko wa Taifa (NHIF). Mfuko huu ulianza kazi Julai 2001 kwa watumishi wa serikali, kisha ukapanuliwa kwa makundi mengine. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara. Kwa kawaida mtumishi hukatwa asilimia 3, na mwajiri hulipa asilimia 3. Anayenufaika si mtumishi peke yake. Wamo mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, ambao waweza kuwa watoto au wazazi. Hapa tunawakumbusha ndugu zetu walioajiriwa jambo moja: wapo waliokatwa mshahara miaka mingi na hawajawahi kumwandikisha mama mzazi aliyeko kijijini, ingawa nafasi ipo. Je, si wajibu wetu kuwatendea wema wazazi? Nafasi iliyo wazi katika kadi yako ni wema ambao umekwisha kuulipia lakini hujautoa.

2. Bima ya hiari kwa wasioajiriwa. Mkulima, mvuvi, fundi, mama ntilie na kijana wa bodaboda hawana mwajiri wa kuwalipia nusu. Kwa ajili yao Mfuko wa Taifa umekuwa ukitoa vifurushi. Kwa mfano, Novemba 2019 vilizinduliwa vifurushi vya Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya, ambavyo bei yake ilitegemea umri na idadi ya watu katika familia. Majina na bei za vifurushi hubadilika, kwa hiyo yafaa kwenda ofisi ya Mfuko iliyo karibu na kuuliza, badala ya kutegemea karatasi ya zamani au maneno ya barazani.

3. Bima ya jamii. Huu ndio Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2001. Mijini utaratibu kama huo uliitwa TIKA, yaani Tiba kwa Kadi. Mwanzoni kadi ya CHF ilimfaa mtu katika zahanati au kituo cha afya cha kwao tu. Akivuka kwenda mahali pengine, hakuhesabiwa kuwa mwanachama. Mwaka 2018 mfuko huu uliboreshwa. Kaya ya watu wasiozidi 6 ilitozwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zikafika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata ngazi. Uzuri wa aina hii ni unafuu wake. Upungufu wake ni kwamba mgonjwa akihitaji kwenda juu zaidi, kama hospitali ya taifa au ya kanda, kadi haimfikishi huko. Mwenye kadi ya namna hii asije akashangaa mlangoni pa Muhimbili.

4. Fao la matibabu katika hifadhi ya jamii. Katikati ya miaka ya 2000 NSSF nayo ilianzisha fao la matibabu kwa wanachama wake, bila ya kuwadai nyongeza juu ya michango yao ya kawaida. Wengi wa waliostahiki hawakujiandikisha kwa sababu hawakuambiwa. Mfanyakazi wa kampuni binafsi amwulize mwajiri wake waziwazi: ni mfuko gani unaonihudumia ninapougua, na kadi yangu iko wapi?

5. Fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Hii ni tofauti na bima ya afya, lakini watu huichanganya nayo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi akikatwa na mashine au akipata ugonjwa uliotokana na kazi, matibabu na fidia yake hutoka huko. Hapaswi kuambiwa ajitibie kwa fedha zake.

6. Bima za makampuni binafsi. Makampuni haya husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Bima zao huuzwa kwa mtu mmoja, kwa familia au kwa kundi la wafanyakazi. Mara nyingi hutoa uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua hospitali, lakini gharama yake ni kubwa na masharti yake ni mengi. Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo matano: Ni kiasi gani cha mwisho watakacholipa kwa mwaka? Je, kulazwa na kutibiwa kama mgonjwa wa nje vyote vimo? Ugonjwa ulionao tayari, kama kisukari au shinikizo la damu, umo au umeondolewa? Ni miezi mingapi ya kusubiri kabla ya huduma fulani kuanza, hasa uzazi? Na ni sehemu gani ya gharama utakayolipa wewe mwenyewe kila unapotibiwa? Mwenye kuuza akikupa majibu ya mdomo tu, mwambie akuonyeshe yalikoandikwa.

7. Msamaha wa malipo. Huu nao si bima, bali ni haki iliyomo katika sera ya afya kwa makundi maalumu: akina mama wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu na ukoma. Tunautaja kwa sababu wapo wazee katika jamaa zetu ambao hawajawahi kupata kitambulisho cha msamaha, kwani hapakuwa na kijana wa kuwasindikiza ofisini. Ni kweli pia kwamba msamaha hauwi na manufaa kamili pale dawa zinapokosekana. Hata hivyo, haki isiyodaiwa haiwezi kutimizwa.

ZANZIBAR NA KENYA

Ndugu zetu wa Visiwani wana utaratibu wao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 matibabu yalitangazwa kuwa bure, na mwaka 2023 Zanzibar ilianzisha Mfuko wake wa Huduma za Afya. Aidha, tangu Oktoba 2024 wageni wa nchi za nje wanaoingia Zanzibar hutakiwa kununua bima ya safari. Hiyo ni bima ya wasafiri, wala haichukui nafasi ya bima ya mkazi.

Kwa wasomaji wetu wa Kenya, mfuko wa zamani wa NHIF uliokuwapo tangu mwaka 1966 ulikoma, na tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake yote, na kiwango cha chini kilichowekwa ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Aliyekuwa mwanachama wa mfuko wa zamani alitakiwa kujiandikisha upya. Wazee wengi hawakulijua hilo mpaka walipofika hospitali, na vijana wa jamaa wanaweza kuwasaidia.

SHERIA YA BIMA YA AFYA KWA WOTE

Turudi Tanzania Bara. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Msingi wake ni kwamba kila mkazi awe na bima, asiye na uwezo agharimiwe, na mwajiri achangie sehemu yake kwa mfanyakazi. Kuipitisha sheria ni jambo moja, na kuitekeleza mpaka ifike katika zahanati ya mwisho ya kijiji ni jambo jingine linalohitaji muda na fedha. Lakini mwelekeo wake ni ule tuliouona katika hesabu yetu ya kaya 100: bima husimama pale tu wazima wanapoingia pamoja na wagonjwa.

Wala tusifichane matatizo. Kadi peke yake haitibu. Machi 2024, baada ya kutangazwa kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya mzozo wa bei. Wagonjwa walijikuta katikati ya mabishano wasiyoyaelewa. Aidha, mara kwa mara mwanachama huambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Malalamiko haya ni ya haki, na yapasa kufikishwa panapohusika kwa adabu na kwa maandishi. Lakini si hoja ya kukaa bila ya bima. Mwenye nyumba inayovuja huziba paa, hahamii mvuani.

JE, BIMA NI HALALI?

Swali hili huulizwa sana, na mwenye kuliuliza anastahili heshima kwa kuwa anaogopa kula haramu. Wanazuoni wameona mambo matatu ya kuogopwa katika bima ya kibiashara: riba, kwa sababu fedha huwekezwa penye riba; kutojulikana kwa kile kinachouzwa, ambako kwa Kiarabu huitwa gharar; na mfano wa kamari. Desemba 1985, mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu (OIC) lilipitisha kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye ada maalumu una gharar kubwa inayouharibu. Badala yake likakubali bima ya ushirikiano, ambayo msingi wake ni watu kujitolea na kusaidiana. Hiyo ndiyo inayoitwa takafuli. Kampuni ya namna hiyo ilianzishwa Sudan mwaka 1979, na katika Afrika Mashariki, Takaful Insurance of Africa ilianza kazi Nairobi mwaka 2011.

Kwa hiyo yafaa tutofautishe. Mfuko wa umma au wa jamii, ambao haukuundwa ili kuwapatia faida wenye hisa bali kuwatibu waliochanga, uko karibu na maana ya kusaidiana, na wengi wa wanazuoni hawauhesabu kuwa sawa na biashara. Kwa bima ya kampuni binafsi, mwenye shaka awaulize wenye elimu, na atafute ya takafuli pale inapopatikana. Lakini tunawaomba ndugu zetu wasitumie shaka ya aina moja kuziacha aina zote. Wapo wanaosema “bima ni haramu” siku ya kuchanga, na siku ya kuugua hukopa kwa riba. Huyo amekimbia shaka akaangukia katika yakini.

UAMINIFU KATIKA KADI

Hapa tungependa kusema kwa uwazi juu ya jambo lililozoeleka. Mtu ana kadi, jirani yake hana. Jirani anaugua, naye humwazima kadi. Au mtu huandikisha mtoto wa ndugu yake kuwa ni wa kumzaa. Machoni petu hii huonekana huruma. Lakini mfuko ni amana ya waliochanga, na kuchota katika amana ya watu kwa jina la uongo hakuitwi sadaka. Sadaka hutolewa katika mali yako, si katika mali ya wenzako.

Tena iko hatari ya mwili. Kundi la damu la jirani, maradhi yake na dawa alizopewa huandikwa katika faili lako. Siku utakapofikishwa hospitali ukiwa huna fahamu, daktari atasoma habari za mtu mwingine na kudhani ni zako. Vilevile mganga au mfamasia anayejaza fomu kwa huduma ambazo hakutoa ni mwizi wa wagonjwa wa kesho. Mwenye huruma ya kweli amlipie jirani ada yake. Hiyo ndiyo sadaka.

TUFANYE NINI?

Ndugu waheshimiwa, hotuba ikiisha bila ya kazi huwa ni sauti tu. Tunapendekeza mambo manne kwa kila jamaa.

Kwanza, kila mkuu wa kaya arudi nyumbani leo na kuuliza: kila mmoja katika nyumba hii ana bima gani? Kadi iko wapi? Inakwisha lini? Akute majibu yameandikwa mahali pamoja ambapo mke na watoto wakubwa wanapajua, kwani huenda mgonjwa akawa ni yeye mwenyewe.

Pili, kamati ya msikiti iandike daftari la wajane, mayatima, wazee na walemavu wasio na bima. Daftari hilo litunzwe kwa siri, lisisomwe hadharani, ili pasiwe na mtu wa kuvunjiwa heshima.

Tatu, tuitandike nguo yetu mapema. Mara moja kila mwaka, wakati wa mavuno au wakati wowote ambao watu wana uwezo, tuchange kwa ajili ya kulipia bima za walioandikwa katika daftari hilo. Ada ya kaya moja ya bima ya jamii ni ndogo kuliko gharama ya kumlaza mtu mmoja siku chache. Na kwa kuwa mafukara na maskini wamo miongoni mwa wanaostahiki zaka, tuwaulize wanazuoni wetu namna ya kuitumia katika jambo hili.

Nne, vijana wanaojua kusoma na kutumia simu wateuliwe kuwasindikiza wazee katika ofisi za bima na za ustawi wa jamii. Mzee aliyerudishwa mara mbili kwa sababu ya fomu harudi mara ya tatu. Akiwa na kijana kando yake, atarudi.

Wala hatusemi kwamba mchango wa mlangoni ukome. Daima patakuwa na ugonjwa ambao bima haikuufikia, na hapo ndipo udugu wetu utakapoongeza pale mfuko ulipoishia. Tunachosema ni kwamba tusiufanye mchango huo kuwa bima yetu ya pekee, kwani mgonjwa hawezi kungoja Ijumaa.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, walioko mahospitalini na majumbani. Awape subira wanaowauguza. Atujaalie tuwe wenye kubebeana mizigo tukiwa wazima kabla haijatulemea, na atulinde tusile amana ya wenzetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.